Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Hadithi za visiwa zina ugonjwa mmoja: karibu zote huanzia baharini. Kuna ukungu, kuna alfajiri, kuna abiria ameegemea ukingo wa meli na kikombe cha kahawa mkononi, mara kisiwa "kinachomoza" mbele yake na milima yake ya kijani. Hapo msomaji naye anatakiwa ashangae. Lakini ndugu msomaji, hebu tuulizane, kisiwa kimechomoza kutoka wapi? Kilikuwa pale pale jana na juzi. Watu wake wamekwishaamka, kuku wamefunguliwa, na pengine mama mmoja amekwishagombana na mwanawe kwa ajili ya ndoo ya maji. Aliyechomoza ni huyo bwana wa kahawa.

Nimeamua kulisema jambo hili kwa kupitia kisiwa kimoja tu, Nuku Hiva cha Bahari ya Pasifiki, kwa sababu mbili. Kwanza, ni kisiwa kilichoandikwa mno na watu waliopita na meli. Pili, kitabu kilichokipa umaarufu, yaani Typee cha Herman Melville, kinasifiwa kijiweni kwetu kila inapozuka hoja ya "mwandishi lazima asafiri", na baadhi ya wanaokisifu, nina wasiwasi, hawajafika nusu yake. Mimi nimekimaliza, tena mara mbili, kamusi ikiwa pembeni. Nakipenda na nina ugomvi nacho.

Tujue kwanza tunazungumzia wapi. Nuku Hiva ndicho kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Marquesas, ambavyo ni sehemu ya Polinesia ya Ufaransa. Toka Papeete, mji mkuu ulioko Tahiti, hadi huko ni kama kilometa 1,400 kuelekea kaskazini-mashariki. Kisiwa kimezaliwa na volkano. Kilele chake kirefu, Tekao, kina mita 1,224, na hakuna mwamba wa matumbawe wa kuvunja mawimbi kama ule wa Tahiti, kwa hiyo magenge yanashuka moja kwa moja hadi baharini. Watu hukaa mabondeni. Kati ya bonde na bonde kuna mgongo wa mlima, na zamani kila bonde lilikuwa na watu wake, wakuu wake na maadui zake. Wenyeji huviita visiwa vyao Te Henua Enana kwa lahaja ya kaskazini na Te Fenua Enata kwa lahaja ya kusini, maana yake nchi ya watu. Jina la Marquesas lilibandikwa mwaka 1595 na msafara wa Kihispania wa Álvaro de Mendaña, kwa heshima ya mtawala wa Peru wa wakati huo, mtu ambaye hakuwahi kutia mguu huko. Meli zikapita, zikaacha jina na maiti, zikaenda zao. Ilipofika mwaka 2024, UNESCO ilipoviingiza visiwa hivyo katika orodha ya urithi wa dunia, ndipo jina la wenyeji lilipotangulia na lile la Mhispania likafuata nyuma.

Siku hizi meli za watalii hutia nanga katika ghuba ya Taiohae, na abiria wa zile kubwa hushushwa kwa boti. Ufukweni kuna ngoma, kuna mashada ya maua, kuna wachongaji waliopanga tiki zao, yaani sanamu za mti na mawe, pamoja na vibakuli na mifupa iliyonakshiwa. Watu wanapakiwa kwenye magari kwenda kuona magofu ya mawe bondeni, wanaonjeshwa shelisheli la kuchoma, wanapiga picha. Jioni meli inang'oa nanga. Kisiwa jirani cha Hiva Oa, kijijini Atuona, kituo kikuu cha ziara ni makaburi mawili: la mchoraji Paul Gauguin, aliyefariki hapo mwaka 1903, na la mwimbaji Jacques Brel, aliyefariki Ufaransa mwaka 1978 akarudishwa kuzikwa Atuona. Fikiria mtu anayetoka Ulaya, anavuka nusu ya dunia, anapanda kilima chini ya jua la saa sita, na anachokwenda kuona ni makaburi ya watu wa kwao.

Simlaumu mtalii. Analipa, anasalimia, ananunua kinyago, na mchongaji anapeleka hela nyumbani. Ninayemdai ni mwandishi, kwa sababu ameshuka katika boti ile ile, ameona yale yale, kisha anaandika kana kwamba amekaa. Chukua ile ngoma ya ufukweni. Abiria anaamini inapigwa kwa ajili yake. Hajui kuwa wamisionari na serikali ya Kifaransa waliwahi kupiga marufuku ngoma hizo pamoja na michoro ya wino ya mwilini, na kwamba wenyeji wenyewe walianzisha chama chao, Motu Haka, mwaka 1978 ili kuokoa lugha na mila, na toka mwaka 1987 wamekuwa na tamasha lao kubwa linalohama kisiwa hadi kisiwa. Mchezaji anayetokwa jasho pale mbele ya kamera huenda anafanya jambo ambalo babu yake alikatazwa. Hiyo ndiyo hadithi, na imempita abiria umbali wa mkono mmoja.

Tena iko meli moja inayofaa riwaya nzima. Inaitwa Aranui. Upande mmoja ni meli ya watalii yenye vyumba, mgahawa na bwawa la kuogelea. Upande wa pili ni meli ya mizigo yenye kreni. Inaondoka Papeete, inazunguka visiwa vyote sita vya Marquesas vyenye watu, safari ya siku kumi na mbili hivi. Abiria wanaposhuka kwenda kutazama milima, kreni inashusha simenti, vyakula, bia na magari, na inapandisha mbata na matunda. Kwa abiria hiyo ni likizo. Kwa mtu wa Ua Pou anayesubiri mifuko ya simenti amalizie nyumba kabla ya harusi ya binti yake, hiyo ni duka, na likichelewa amekwama. Meli moja, siku moja, hadithi mbili. Nimetafuta muda mrefu kitabu kilichoandika hiyo ya pili, sijakiona bado.

Sasa Melville. Alikuwa kijana wa miaka 22, baharia wa Acushnet, meli ya kuwinda nyangumi iliyoondoka Marekani Januari 1841. Shule aliiacha mapema kwa umaskini baada ya baba yake kufariki, chuo kikuu hakukiona, na hilo peke yake linatosha kumfanya ndugu wa wengi wetu tunaosoma gazeti hili. Meli ilipofika Taiohae mwaka 1842, yeye na mwenzake Richard Tobias Greene, ndiye Toby wa kitabuni, walitoroka tarehe 9 Julai, wakapanda milima katika mvua, wakaangukia bonde la Taipi, watu waliosifika kwa ukali na kwa tuhuma ya kula watu. Tarehe 9 Agosti Melville alikuwa ameshapanda meli nyingine, Lucy Ann, akaondoka. Piga hesabu mwenyewe: mwezi mmoja kisiwani, na ndani ya bonde lenyewe ni pungufu ya hapo. Kitabu kilipotoka London mwaka 1846 kilijinadi kuwa ni masimulizi ya kukaa miezi minne.

Wiki zimegeuka miezi. Jamaa wa kijiweni wakisikia hivyo hucheka, wanasema "fundi huyo". Mimi nauliza alikuwa anaogopa nini. Mwaka 1939 mtafiti Charles Roberts Anderson alionyesha kwa urefu jinsi Melville alivyojazia mapengo kwa kuchota katika vitabu vya waliomtangulia, kama nahodha David Porter na mchungaji Charles Stewart. Hata lile ziwa zuri ambamo Tommo, yaani msimulizi, anaendesha mtumbwi pamoja na msichana Fayaway, katika bonde la Taipi halimo. Kutunga ziwa si dhambi, riwaya ni riwaya. Kinachonikera ni miezi minne. Mwandishi aliona kuwa bila siku nyingi hana haki ya kusema, basi akaziongeza siku badala ya kusema kwa kadiri ya siku alizokuwa nazo.

Wahenga wetu walikuwa na kipimo kizuri kuliko kalenda: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumpime Tommo kwa methali hiyo. Mguu umevimba, kwa hiyo Kory-Kory, kijana aliyepewa kazi ya kumhudumia, anambeba mgongoni. Chakula kinaletwa, analishwa. Mchana analala, jioni anapelekwa mtoni kuoga, usiku anasikiliza mazungumzo asiyoyaelewa. Wiki zinapita na jembe haliji. Kwa kipimo cha wahenga, Tommo ameishi bondeni siku mbili tu, ndefu sana.

Na hapa ndipo kosa kubwa la kitabu lilipo, kosa ambalo uhakiki wa "fani na maudhui" tuliofundishwa shuleni hauligusi. Tommo anatuambia kwamba watu wa Taipi hawana kazi. Shelisheli linaota lenyewe, nazi inaanguka yenyewe, na kazi ngumu kuliko zote aliyoishuhudia ni Kory-Kory kupekecha moto kwa vijiti. Mgeni asiyepewa jembe ameamua kuwa majembe hayapo! Lakini kitabu hicho hicho kinatuonyesha majukwaa makubwa ya mawe ambayo juu yake nyumba zimejengwa, mawe mengine makubwa kupita kimo cha mtu. Melville anayashangaa, kisha anayasukumia katika zama za kale zisizojulikana. Kinatuonyesha pia shelisheli linavyopondwa na kufukiwa ardhini lichachuke, lihifadhiwe. Watu hawafukii chakula kwa kupenda mashimo. Marquesas hupata ukame mkali, na akiba ya shimoni ndiyo iliyowavusha. Mtu yeyote wa Unguja anajua shelisheli haliruki kutoka mtini likaingia sufuriani lenyewe: kuna kupanda, kuna kuangua, kuna kumenya, na kuna mtu anayelalamikia mgongo. Huyo wa mgongo hayumo katika Typee. Yumo Fayaway mwenye macho mazuri.

Pamoja na hayo, kitabu kina kurasa ambazo ningetoa kidole niwe nimeziandika. Ni zile ambamo Tommo haelewi. Anakutana na tapu, miiko ya wenyeji, kila anapogeuka: hiki usishike, pale usikanyage, mwanamke asipande mtumbwi. (Neno hilo halina undugu na tabu yetu, ingawa yeye lilimpa tabu kwelikweli.) Anauliza sababu, anapewa majibu asiyoweza kuyafuata, na anakiri kwamba hajaambulia kitu. Toby anaondoka kutafuta dawa ya ule mguu na harudi. Wiki zinakwenda, Tommo hajui amekufa au amemkimbia. Fundi wa michoro ya mwili anautazama uso wake kwa uchu, naye anatetemeka, kwa kuwa uso ukishachorwa hatarudi tena kwao kama alivyotoka. Hofu hiyo ni ya kweli, na haikuhitaji miezi minne. Ilihitaji usiku mmoja. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 1846 Toby halisi alijitokeza hai huko Marekani akathibitisha habari za kutoroka kwao, na Melville akaongeza simulizi yake mwishoni mwa kitabu.

Halafu kuna mzee Marheyo, mwenye nyumba. Mwishoni, Tommo anapotaka kukimbilia mashua iliyokuja kumchukua, watu wamegawanyika, wengine wanataka abakie. Mzee anamshika bega na kumtamkia maneno mawili tu ya Kiingereza aliyokuwa amefundishwa na mgeni: la nyumbani na la mama. Katika kitabu kizima hapo ndipo mwenyeji anapoona ndani ya mgeni. Mzee ametumia siku zile zile chache, kwa maneno mawili, akafika mahali ambapo Tommo na sura zake thelathini na nne hakufika. Melville ameiandika bila kuipigia tarumbeta, na sidhani kama alijua ameandika hukumu ya kitabu chake mwenyewe.

Nimpe haki yake kwa jingine pia. Alipofika Taiohae, meli za kivita za Ufaransa zilikuwa zimejaa ghubani. Mwaka ule ule Ufaransa ilivitwaa visiwa. Melville aliliandika hilo kwa hasira, na akawaandika wamisionari kwa hasira zaidi. Mchapishaji wake wa Marekani akataka kurasa hizo zifyekwe, na toleo lililorekebishwa la 1846 likatoka bila sehemu kubwa ya maneno hayo. Alikumbusha pia habari za Porter yule yule aliyechota kwake: mwaka 1813 nahodha huyo wa jeshi la wanamaji la Marekani alikitangaza Nuku Hiva kuwa mali ya nchi yake, akaingia bonde la Taipi na askari, akachoma vijiji. Kitabu chake Porter alikiita kwa neno lile lile la Kiingereza ambalo leo limo katika matangazo ya meli za starehe. Na baada ya meli zikaja maradhi. Watu wa Marquesas, waliokuwa makumi ya maelfu, walishuka hadi karibu 2,000 katika miaka ya 1920. Sensa ya 2017 ilihesabu zaidi kidogo ya 9,000. Kwa hiyo bonde tupu lenye magofu, ambalo mtalii analiona "limetulia", limetulia kwa sababu wenyewe walikufa.

Nirudi nyumbani kidogo, maana ugomvi wangu uko huku. Katika kikundi chetu cha kusoma, mwenzetu mmoja alileta hadithi ya meli ya watalii inayotia nanga katika kisiwa cha milima. Kurasa kumi na mbili, lugha tamu, hilo sina ubishi nalo. Wenyeji wametajwa mara saba na mara zote saba wanatabasamu. Mwenzetu huyo, kama mimi, hajawahi kupanda meli ya namna hiyo. Basi ile sitaha aliitoa wapi? Aliitoa pale tulipoitoa sote. Watafsiri wa enzi ya ukoloni walitupa Kisiwa Chenye Hazina, wakatupa Safari za Gulliver, na vikakaa kabatini shuleni miaka nenda rudi. Sisi ni watu wa pwani na visiwa. Meli za watalii hutia nanga Unguja na Mombasa, na wapo vijana wa rika letu wanaozisubiri gatini, wanaojua ni abiria wa nchi gani hupatana bei na wa nchi gani hukasirika. Lakini tukishika kalamu tunapanda melini, tunajitazama kwa darubini, tunajikuta tunatabasamu.

Wapo wanaosema dawa ni ile ya walimu: andika unachokijua. Siikubali hivi hivi. Mwenye kidato cha nne na nauli ya daladala akiambiwa aandike anachokijua tu, ameambiwa kiaina akae kimya juu ya dunia. Isitoshe Robert Louis Stevenson alianza kuitunga hiyo hiyo Treasure Island, Kisiwa Chenye Hazina chetu, mwaka 1881 akiwa Uskoti kwenye baridi, akianzia na ramani aliyochora kumfurahisha mtoto wa mkewe. Kisiwa cha joto hakuwa amekiona. Na kitabu kimesimama, kwa sababu kisiwa kile hakina wenyewe. Hakuna Marheyo wa kusingiziwa.

Stevenson ninamtaja kwa kuwa baadaye alikwenda kweli. Julai 1888 jahazi lake la kukodi, Casco, lilitia nanga Anaho, upande wa kaskazini wa Nuku Hiva hiyo hiyo. Aliingia kama wanavyoingia wote, alfajiri, milima ikijichora. Lakini ukisoma alichokiandika baadaye utaona ana mbinu ambayo Melville hakuwa nayo. Akitaka kusimuliwa jambo na mwenyeji, yeye hutangulia kusimulia la kwao Uskoti: koo zao za milimani, mizimu yao, mila zilizopigwa marufuku na serikali. Anatoa ndipo anapewa. Na anaona vifo. Anaandika juu ya watu wanaojiona wanakwisha, na hageuzi macho kwenye machweo.

Toka hapo akaenda kuishi Samoa, Vailima, ambako barua zake zimejaa habari za kung'oa magugu. Jembe lilimfikia! Na matunda ya jembe hilo ni hadithi ndefu ya The Beach of Falesá ya mwaka 1892. Nayo inaanzia baharini, alfajiri, kisiwa kinachomoza. Nilipoanza kuisoma nikasema yaleyale. Kumbe anayesimulia ni Wiltshire, mfanyabiashara wa kizungu, mjinga wa kiasi, mwenye dharau, na Stevenson anamwacha aseme mpaka ajivue nguo mwenyewe. Siku ya kwanza anaozwa msichana Uma kwa cheti cha ndoa cha utapeli ambacho msichana hawezi kukisoma, na anaona haya. Haya hiyo ndiyo inayoibeba hadithi. Anabaki kisiwani, anamwoa Uma kihalali, anazaa, na mpaka mstari wa mwisho dharau haijamtoka yote, ila sasa ana mabinti chotara na hajui nani atawaoa. Gazeti la London lilipoichapa kwa mfululizo, maneno ya kile cheti yaliondolewa. Wachapishaji hujua sentensi ipi inauma.

Kwa hiyo meli yenyewe sina ugomvi nayo. Anzia melini ukitaka, mradi aliyeko melini naye atazamwe.

Upande wa nchi kavu nao wamejibu, na wamejibu muda mrefu, ila kijiweni kwetu hawasomwi. Epeli Hauʻofa, mwandishi wa asili ya Tonga aliyefundisha Suva, aliandika makala mwaka 1993 akipinga mazoea ya kuviita visiwa vya Pasifiki vidogo na vya mbali. Hoja yake, kwa maneno yangu: ukisimama bara utaona vipande vya ardhi vilivyotupwa mbali baharini, ukisimama kule utaona bahari moja iliyojaa visiwa, jamaa wakipita humo wakitembeleana. Toka nimeisoma makala hiyo, neno "mbali" limeniharibikia. Nikilikuta katika hadithi nauliza: mbali na jiko la nani?

Na Chantal Spitz wa Tahiti alitoa mwaka 1991 riwaya ya Kifaransa inayochanganya Kitahiti bila kuomba radhi. Mimi niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 2007, Island of Shattered Dreams. Humo Ufaransa inakuja kujenga kambi ya makombora katika kisiwa, na miongoni mwa wanaokuja ni mwanamke Mfaransa, Laura, anayependana na kijana Terii. Angalia mpangilio. Kabla ya Laura kushuka tumekwishaishi na wazazi wa Terii, tumemwona baba yake Tematua akienda kupigana vita vya Ulaya visivyomhusu. Mgeni anapoingia, sisi wasomaji tuko ukumbini tumekaa, tunamtazama akivua viatu. Sikusema riwaya haina kasoro. Mahali pengine mwandishi anahubiri, na wahusika wanazungumza kama mashairi hata wanapopaswa kusema tu kwamba wamechoka. Lakini kiti alichotukalisha ni kile ambacho hadithi ya mwenzetu ya kurasa kumi na mbili ilikuwa nacho sebuleni ikaenda kukodi kingine melini.

Nimwambie mwenzetu huyo, kwa kuwa najua atasoma: usiichane hadithi yako. Wachukue wale wenyeji saba wanaotabasamu, mpe mmoja wao mifuko ya simenti anayoisubiri, kisha iache meli ichelewe.

Jambo la mwisho ni juu ya Stevenson, nalo ni dogo. Mwaka 1891 hadithi yake ya The Bottle Imp ilichapwa kwa Kisamoa katika gazeti la misheni. Ni hadithi ya chupa yenye jini ndani, jini anayempa mwenye chupa kila anachotaka. Wasamoa wakaisoma kwa lugha yao. Waliofika Vailima wakaiona nyumba kubwa, samani, na sanduku la chuma la kutunzia fedha, wakajiridhisha kwamba utajiri wote ule hauwezi kutokana na kuandika tu. Inasimuliwa kwamba baada ya kukirimiwa na kuzungushwa nyumba nzima, mgeni akishaona mwenyeji amechangamka, humsogelea akamwomba kwa upole amwonyeshe ile chupa.